Pwani ya Kaskazini ya Pemba kwa Maji ya Bamvua

Mama mkwe wangu alizaliwa Makangale, juu kabisa ya kisiwa cha Pemba, na alipoolewa Unguja aliondoka kwao kwa mashua. Kwa hiyo anapowasimulia wajukuu habari za nyumbani, hutaja mahali kwa mpangilio wa mtu anayepita baharini: Wete, Fundo, Njao, Verani, mnara wa Kigomasha, halafu Vumawimbi na Tumbe. Barabara ya Konde, ambayo sisi wengine ndiyo tunayoijua, haimo kabisa katika masimulizi yake. Skuli zilipofungwa mwezi wa Disemba, mume wangu alitoa shauri kwamba mara hii tusiende kwa jamaa zetu kwa gari la abiria, bali tukodi chombo Wete na tuizunguke pwani hiyo kituo kwa kituo, kama wageni wanavyozungushwa na meli za kitalii katika nchi zao, isipokuwa chombo chetu kingekuwa cha mbao na chakula tungepika wenyewe. Bibi alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Tulifuatana naye mimi na mume wangu, binti yetu wa kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume, na kitindamimba ambaye kabla ya hapo hakupata kupanda chombo zaidi ya boti za kwenda Changuu.

JUMAMOSI: MALINDI HADI WETE

Boti iliondoka bandari ya Malindi asubuhi, bahari ikiwa imelala. Anayekwenda Pemba na watoto ningemshauri atafute viti vya upande wa kulia, kwa sababu pwani yote ya magharibi ya Unguja hupita upande huo mpaka inapokwisha. Baada ya kuviacha visiwa vidogo vya karibu na mji, ambapo mwanangu wa kiume aliwaeleza abiria wa jirani, bila ya kuulizwa, kwamba jela ya Changuu ilijengwa mwaka 1893 lakini haikuwekwa wafungwa bali iligeuzwa karantini, tulipita mbali na minazi ya Bububu, kisha magenge ya mawe ya Mangapwani, na hatimaye kikajitokeza kisiwa cha Tumbatu, kirefu na chembamba, kikiwa kimelala sambamba na pwani ya Mkokotoni. Magofu ya mji wa kale wa Makutani yako upande wa pili wa kisiwa hicho, karibu na Jongowe, na kutoka njia ya boti hayaonekani. Kinachoonekana ni msitu mfupi juu ya mawe na ngalawa za Watumbatu, ambao hata wanaobishana nao katika mengine hukiri kwamba baharini hawana mfano.

Mnara wa Nungwi ndio alama ya mwisho ya Unguja. Kuanzia hapo sauti ndani ya boti zilipungua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba huku imejaza watu kupita kiasi, ilizama katika eneo hili la Nungwi, na misiba yake iliingia katika nyumba nyingi za Pemba. Bibi aliinua mikono akasoma Fatiha kwa sauti ya kawaida, na watu tusiowajua waliokaa mbele yetu wakaitikia amin.

Baadaye, tulipokuwa tumeshazoea kupanda na kushuka, binti yangu aliuliza kwa nini maji yachafuke mahali hapo wakati upepo wenyewe si mkali. Jibu ni kwamba mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na kaskazi inapovuma hukutana nao uso kwa uso. Wimbi ambalo lingejinyoosha likaenda zake husimama wima na kuwa fupi. Jibu hilo lilikuja kutuhusu sisi wenyewe siku chache baadaye, upande wa pili wa Pemba.

Mkoani tuliteremka salama, na njia ya gari hadi Wete, kwa kupitia Chake Chake, haina la kusimuliwa zaidi ya vilima, migomba na usingizi wa watoto.

JUMAPILI: WETE

Nahodha tuliyepelekewa na jamaa wa Wete alikuwa mtu mzima wa kisiwa cha Fundo, mpole wa maneno, ambaye alianza kwa kumsalimu Bibi, kuulizana naye koo na vitongoji, na kugundua kwamba marehemu baba yake na marehemu baba wa Bibi walipata kusafiri pamoja. Baada ya hapo ndipo alipokubali kuzungumzia bei, nayo ikapungua.

Mume wangu alikuwa na ratiba aliyoiandika nyumbani, ambayo ilisema kwamba Jumatatu tungekunywa chai kwa nafasi na kuondoka saa nne. Nahodha aliisoma hadi mwisho kwa adabu.

"Saa nne, mwanangu," alisema, "chombo kitakuwa kimekaa juu ya matope, na sisi tumekaa ndani yake."

Mwezi ulikuwa umeandama siku chache tu nyuma, hivyo maji yalikuwa ya bamvua, yaani yale yanayojaa sana na kupwa sana. Katika visiwa vyetu, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita 4, na kwa kawaida siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha robo tatu ya saa au zaidi kidogo, mpaka maji mafu, yale ya kujaa na kupwa kidogo tu, yanapoingia na mpangilio mzima kugeuka. Mtu wa mjini anayeangalia bahari kutoka Forodhani anaweza kuishi umri wake wote bila kuyatia maanani hayo, lakini pwani ya Pemba ya kaskazini-magharibi, yenye ghuba, mikoko na mafungu ya mchanga, haina njia moja ya maji. Njia ya asubuhi huwa nchi kavu mchana. Nahodha aliigeuza karatasi ya mume wangu, akaandika nyuma yake nyakati za maji za siku nne, na karatasi hiyo ndiyo tuliyosafiri nayo.

Alasiri tulikwenda kukiona chombo. Kilikuwa mashua ya mbao yenye mashine ya nje, pamoja na mlingoti, foromali, yaani boriti ya kutundikia tanga, na tanga lenyewe lililokunjwa kwa dharura. Baharia kijana alikuwa akipiga kalafati kwenye maungo ya mbao za ubavuni: alisokota pamba iliyolowekwa mafuta kati ya vidole viwili, akailaza juu ya ufa, kisha akaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti, mapigo madogo madogo ya haraka, akirudi kila mara kubonyeza kwa kidole gumba pale alipokwisha kupita. Mimi niliuliza kuhusu majaketi ya kuokolea. Nahodha alifungua sanduku, akayatoa yote, likiwemo dogo la mtoto, na akasubiri nimvishe kitindamimba palepale ili aone kama kamba zinafika. Kwa hilo nilimwamini zaidi kuliko kwa habari ya baba yake.

JUMATATU: WETE, FUNDO, VERANI

Saa moja asubuhi tulikuwa tumeshaondoka. Maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, na mashua ilichukuliwa nayo kutoka ghuba ya Wete ikipita katikati ya mikoko, mashine ikifanya kazi ndogo tu ya kuuweka usukani mahali pake. Nyuma yetu bandari ilikuwa na harufu ya karafuu zilizohifadhiwa kwenye magunia, harufu ambayo hukaa puani kwa muda mrefu hata mtu anapokuwa mbali na nchi kavu.

Mbele ya Wete pametanda visiwa virefu vinavyokinga bahari ya ndani isipigwe na bahari kuu, na kikubwa miongoni mwao ni Fundo. Kati ya visiwa na nchi kavu maji ni ya kijani hafifu na chini yake majani huonekana. Tulipofika upande wa ndani wa Fundo ilikuwa inakaribia saa nne, na kila kitu kilikwenda kama karatasi ilivyosema: maji yaliendelea kuondoka, miamba ikachomoza, fungu la mchanga ambalo dakika chache kabla halikuwepo likawa uwanja. Tulitia nanga kwenye mkondo uliobaki, tukateremka.

Wanawake wa kijijini walikuwa wameshatangulia kwenye miamba, kanga zimefungwa juu ya magoti, kila mmoja na kijiti chake chenye ncha ya chuma. Mmoja wao, aliyekuwa na umri wa mama yangu, alimruhusu binti yangu afuatane naye. Hakuwa akitazama shimo. Alitazama vijiwe na makombe yaliyorundikwa mbele ya shimo, kwa sababu pweza anapokula hutupa maganda mlangoni kwake na baadaye hujizibia kwa mawe. Alipoona rundo jipya aliingiza kijiti taratibu, akakizungusha, akasubiri mpaka mkono mmoja wa pweza ulipokizonga, kisha akavuta kwa ghafla. Alituambia kwamba siku hizi pweza wakubwa ni wachache kuliko zamani. Katika baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba watu wamejiwekea utaratibu wa kuifunga miamba kwa miezi kadhaa, na kwa kuwa pweza hukua haraka, miamba inapofunguliwa mavuno huonekana kwa macho. Tatizo, kwa maoni yangu, ni nani alinde miezi hiyo, maana mwamba hauna geti.

Kwa kuwa maji yasingerudi kutubeba kabla ya saa sita na nusu, tulipika. Baharia aliwasha seredani mbele ya mlingoti. Wali wa nazi tulikuja nao kutoka Wete, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ni kuchoma changu na kusaga pilipili ya embe. Bibi alikataa kiti, akakaa juu ya jamvi tezini karibu na nahodha, na wakawa wanatajiana miamba kwa majina, kila mmoja akimpima mwenziwe.

Mchana, maji yalipojaa tena, tuliendelea kuelekea Njao. Hapo nahodha alifanya jambo ambalo halikuwemo katika karatasi: alipitisha mashua kwenye mlango wa bahari kati ya visiwa, akatutoa nje kidogo, akazima mashine. Rangi ya maji ilikuwa imekatika kama kitambaa kilichochanwa. Nyuma yetu kijani, chini yetu buluu iliyoiva karibu na weusi. Ukuta wa matumbawe hushuka hapo moja kwa moja, na Mkondo wa Pemba, unaotenganisha kisiwa na Tanga, una kina kinachofikia kiasi cha mita 800. Kina hicho ndicho kilichoifanya Pemba iwe ilivyo. Wakati wa enzi za barafu, bahari iliposhuka duniani kote, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba haikuungana, nayo ikabaki na viumbe wake peke yake. Kitindamimba alitaka kujua kama jaketi lake lingetosha kwa maji ya namna hiyo. Nahodha alimjibu kwa uzito kwamba jaketi haliangalii chini.

Tulifika Verani alasiri, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikadi, kwa hiyo mashua iliingia karibu kabisa na Bibi aliteremka bila kulowa juu ya vifundo vya miguu. Mdogo wake, ambaye mume wangu humwita mama mdogo, alikuwa amesimama ufukweni na nusu ya kitongoji.

JUMANNE: MNARA WA KIGOMASHA NA MSITU WA NGEZI

Rasi ya Kigomasha ni ncha ya kaskazini ya upande wa magharibi wa kisiwa, na juu yake upo mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa na Waingereza zaidi ya karne moja iliyopita. Si mnene kama minara ya mawe; ni mwembamba, umepakwa rangi, na ndani yake ngazi za chuma huzunguka hadi kwenye taa. Mwangalizi alitufungulia baada ya kutuandikisha katika daftari na kupokea ada ndogo. Juu, upepo ulikuwa tayari una nguvu kuliko ufukweni. Kushoto kulikuwa na maji ya Verani, yametulia. Kulia, ufuko wa Vumawimbi ulikuwa mweupe kwa povu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ncha nyembamba ya ardhi, yenye minazi na mashamba ya muhogo, ilitenganisha bahari mbili zisizofanana. Nahodha aliyekuja nasi hakutazama mandhari; alitazama mbele ya rasi, mahali ambapo maji yalikuwa yakisimama na kuanguka bila kusogea, na akashuka kabla yetu.

Msitu wa Ngezi tuliingia baada ya adhuhuri, kwa kibali na pamoja na mtembezaji, kwa sababu ni hifadhi. Ni sehemu iliyobakia ya msitu mkubwa uliokuwa umefunika upande huu wa kisiwa kabla ya mikarafuu na mashamba mengine kuuondoa. Mivule yake ni mirefu kiasi cha kumfanya mtu ashike kofia anapotazama juu, na chini yake hustawi mpapindi, mti mwembamba wa Pemba wa jamii ya minazi na michikichi, ambao mtembezaji aliuonesha kwa fahari ya mtu anayeonesha mtoto wake. Ndege wanne hawapatikani kwao popote duniani isipokuwa kisiwa hiki: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kijindege kidogo chenye duara jeupe machoni, na bundi mdogo. Kima punju tuliowaona si wenyeji. Wazee wao waliletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Wenyeji wa kweli ni popo wakubwa wa Pemba, wala matunda, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti, na ambao baada ya vijiji kukubali kuwalinda, Kidike kikiwa maarufu kuliko vyote, wameongezeka hadi kuhesabiwa kwa maelfu.

Mtembezaji alishauri turudi usiku kumsikiliza bundi. Bibi na mdogo wake walikataa kwa pamoja, bila ya kushauriana, kwamba hakuna mtoto wa ukoo wao atakayekwenda kumtafuta bundi kwa miguu yake mwenyewe usiku. Binti yangu alitaja sayansi. Hakwenda.

JUMATANO: KASKAZI

Siku hii ilikusudiwa kuzunguka rasi hadi Tumbe. Alfajiri minazi ilikuwa ikipiga kelele, na nahodha, aliyelala kwenye mashua, alikuja nyumbani kunywa chai akiwa hana haraka. Hapo kila mtu alipata la kusema: mume wangu aliuliza kama tungeweza kupita karibu na mwamba, shemeji mmoja alipendekeza tutoke nje zaidi, jirani alikumbusha kwamba wiki iliyopita kuna aliyepita. Nahodha aliwasikiliza wote, akamalizia andazi lake, akasema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama," na safari ikaahirishwa. Ilikuwa ni ile ile kaskazi inayokabili mkondo, niliyomweleza binti yangu kule Nungwi, ila hapa chombo kilikuwa kidogo na hakukuwa na viti vya kujifunga.

Sikuijutia siku hiyo hata kidogo. Msimu wa karafuu ulikuwa umeshamiri, na nyumba ya mama mdogo ilikuwa imejaa karafuu mbichi zilizochumwa jana yake. Karafuu ni tumba la ua. Huchumwa linapoanza kupiga wekundu kabla halijafunguka, kwani likishachanua thamani yake imekwisha. Wachumaji hupanda kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu matawi ya mkarafuu hukatika kwa urahisi na kila msimu huwa na habari ya mtu aliyeanguka. Tulikaa ukumbini wanawake na watoto tukichambua. Mama mdogo hakuangalia mikono yake. Alishika kikonyo kwa mkono wa kushoto, akakandamiza kichala chote kwenye kiganja cha kulia, akazungusha mara moja, na matumba yakamwagika upande mmoja, makonyo yakaachwa upande mwingine. Mimi nilizichambua moja moja kwa kucha. Hadi jioni ncha za vidole vyangu zilikuwa zimegeuka rangi na hazihisi kitu, kwa kuwa mafuta ya karafuu hutia ganzi. Ni mafuta hayohayo ambayo zamani mtu mwenye jino bovu alipakwa.

Nje, majamvi yalikuwa yametandikwa uwanja mzima. Karafuu hutaka siku kadhaa za jua kali, na zikipata mvua au zikirundikwa zikiwa na maji huumuka, hupauka na kushuka daraja. Kwa hiyo kila wingu lililotoka upande wa Vumawimbi liliwatoa watu wote mbio, wakiwemo wageni, kuyakunja majamvi, na baada ya dakika kumi kuyatandika tena. Hali hiyo ilirudiwa mara nyingi mno. Mwanangu wa kiume, ambaye nyumbani haitiki mpaka aitwe kwa jina kamili, ndiye aliyekuwa akilitangaza wingu kabla ya wengine.

Mama mdogo alisimulia, kama alivyosimuliwa na wakubwa wake, kwamba mashamba ya Pemba yalipata kupanda daraja kwa msiba wa Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa kidogo ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Makonyo nayo hayatupwi, maana Chake Chake kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta.

Jioni upepo ulipungua. Nahodha alipita kutuambia tulale mapema.

ALHAMISI: KUZUNGUKA RASI HADI TUMBE

Maji ya bamvua yalikuwa yameshaanza kulegea na nyakati zake zimesogea, hivyo maji yangejaa mnamo saa moja asubuhi. Tulisali alfajiri ufukweni, tukang'oa nanga kulipoanza kupambazuka, wakati ambao kaskazi huwa haijaamka. Bibi hakuja. Alisema magunia ya mdogo wake yana mikono michache, na kwamba rasi ya Kigomasha ameshaizunguka vya kutosha katika ujana wake. Alisimama ufukweni akituombea mpaka tukawa hatumsikii.

Mbele ya mnara nahodha alikwenda mbali na mwamba kuliko nilivyotarajia. Mawimbi yalikuwa makubwa lakini marefu, na mashua iliyapanda kwa upande wa omo bila kugonga. Kila lilipokuja lililozidi, alipunguza mashine kidogo, akaliacha lipite chini yetu, kisha akaongeza. Hakuzungumza na mtu kwa muda wa nusu saa, na sisi tulifuata adabu hiyo. Kitindamimba alitapika mara moja, kwa utulivu, ndani ya kibuyu cha kufulia maji, na akaomba radhi kwa baharia. Kisha rasi ikabaki nyuma, Vumawimbi ikafunguka mkono wa kulia, na upepo ukawa nyuma ya bega. Hapo ndipo foromali ilipopandishwa kwa mara ya kwanza. Mashine ilizimwa, tanga likajaa kwa mpigo mmoja, na watoto wakashangaa kwamba chombo kinaweza kwenda kasi hivyo bila kelele.

Tumbe tulifika saa tatu, mnada wa samaki ukiwa katikati. Hili ndilo soko la samaki lenye shughuli kubwa upande wa kaskazini wa Pemba, na biashara yake hufanyika ufukweni, mbele ya vyombo. Samaki humwagwa chini kwa mafungu: changu, tasi, kolekole, nguru, vibua, na siku hiyo jodari mmoja aliyehitaji watu wawili. Dalali huanza kwa bei ya chini na kuipandisha kwa kuitaja haraka haraka, macho yake yakiruka kutoka kwa mnunuzi mmoja hadi mwingine, kwa sababu wengi hawasemi. Mmoja alinyanyua nyusi tu, mwingine aligusa ndevu, na fungu likawa lake. Mume wangu alijikuna shavu na nusura anunue samaki aina ya taa.

Magofu ya Chwaka yako karibu na hapo, na tuliyafikia kwa miguu kupitia mashamba. Ni mabaki ya mji wa mawe wa Waswahili uliostawi kuanzia karne ya 11 hadi ya 16, wenye misikiti na makaburi, na sehemu moja wenyeji huihusisha na Haruni, ambaye mapokeo humtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pujini. Msikiti uliobaki umepoteza paa, lakini kibla yake inasomeka vizuri, ikiwa na upinde wa jiwe la matumbawe lililochongwa kwa subira. Kabla ya Chwaka kulikuwa na makazi makubwa zaidi hapo Tumbe, baina ya karne ya 7 na ya 10, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kwa wingi vipande vya vyungu vyenye mifereji vilivyotumika kusugulia shanga za makombe. Binti yangu alikaa muda mrefu kwenye ukingo wa kisima akitazama upande wa bahari. Aliuliza kwa nini watu wajenge mji mahali ambapo maji hukauka mbali hivi. Nahodha, aliyekuwa ametufuata kwa kuwa na yeye hajapata kuyaona magofu hayo kwa ndani, alijibu kwamba mtu wa mtepe au mashua hakuhitaji gati. Alihitaji maji kujaa apande nayo, na maji kupwa apakue kwa miguu. Jibu hilo sijalikuta katika kibao chochote cha maelezo.

Alikula nasi chakula cha mchana kwa jamaa wa Tumbe, akachukua malipo yake bila kuyahesabu mbele yetu, na akatuaga kwa sababu maji ya jioni yalikuwa yanaanza kurudi.

IJUMAA: KURUDI

Tulishuka Wete kwa gari kupitia Konde, wanaume wakasali Ijumaa, na baadaye tukaelekea Mkoani. Tiketi ya Bibi ilibidi isogezwe mbele hadi baada ya msimu, jambo ambalo karani wa dirishani alilifanya bila kuuliza sababu, maana alishaisogeza mingine kadhaa asubuhi hiyo. Tulipokuwa tunapita Nungwi jioni, simu ilishika mtandao na Bibi akapiga. Aliuliza kama tumesoma Fatiha. Kisha akataka kuzungumza na mjukuu wake wa kiume, akamweleza kwamba mvua kubwa imenyesha Makangale mchana, lakini majamvi yaliwahi kukunjwa, na gunia la kwanza la karafuu litapelekwa kwenye kituo cha ununuzi Jumapili.